Sewa Haji na Jasho la Wapagazi

Marehemu Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851, akafariki Unguja mwaka 1897. Tajiri huyo alipata mali kwa misafara ya bara, yaani kwa mabega ya wapagazi. Sehemu ya mali hiyo aliirudisha kwa umma. Aliwakabidhi watawala wa Kijerumani shule ya Bagamoyo kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Na fedha zake zilijenga hospitali ya Dar es Salaam, chimbuko la Muhimbili ya leo.

Wakuu wa bara na Visiwani hawana budi kuzingatia sharti lile. Shule na matibabu kwa mtoto wa mchukuzi si sadaka, bali ni salio la ujira wa mzazi wake.