Oliver Lodge na Chupa Mbili Zilizosikilizana

Oliver Joseph Lodge alizaliwa tarehe 12 Juni 1851 huko Penkhull, karibu na Stoke, eneo la Uingereza lililosifika kwa ufinyanzi. Babake aliwauzia wafinyanzi udongo, na kijana huyo alipotimu umri wa miaka 14 aliachishwa shule ili amsaidie katika biashara hiyo. Walakini kiu ya elimu haikumtoka. Mnamo 1877 alitunukiwa shahada ya udaktari wa sayansi ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1881 akawa profesa wa fizikia mjini Liverpool.

Mwaka 1888, akichunguza radi na namna ya kuyakinga majumba, Lodge alidhihirisha mawimbi ya umeme yakisafiri kwenye nyaya. Alikwenda mapumzikoni milimani Ulaya akiwa tayari na makala yake, na safarini akasoma kwamba Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa ameyadhihirisha mawimbi hayo hewani, pasipo waya wowote. Mwingine angeingiwa na kijicho. Lodge aliongeza kwenye makala yake maneno ya kumsifu Hertz.

Mwaka uliofuata ndipo alipofanya jaribio linalostahili kukumbukwa zaidi. Alichukua chupa mbili za Leyden, yaani chupa za kioo zilizofunikwa bati jembamba ndani na nje ili kuhifadhi umeme, akaipa kila moja kitanzi cha waya, kisha akazitenganisha. Ya kwanza ilipotoa cheche, ya pili ilinyamaza. Lodge akasogeza kipande cha waya kwenye kitanzi cha pili, akikirefusha na kukifupisha. Vitanzi vilipolingana, chupa ya pili nayo ikatoa cheche ingawa hakuna aliyeigusa. Waya uliposogezwa kidogo tu, ikanyamaza tena. Hali hiyo aliiita sintonia, kwa neno lenye asili ya Kigiriki.

Chupa hizo zilikuwa rezoneta mbili zilizounganishwa kwa sumaku pekee, na humo mna kiini cha chujio la mawimbi. Kila rezoneta hupendelea masafa yake. Mbili zenye masafa sawa zikiwekwa mbalimbali, hupitisha ukanda mwembamba; zikikaribiana, ukanda hupanuka; muungano ukizidi mno, kilele cha ukanda hugawanyika kuwa viwili. Leo mhandisi wa maikrowevu hutumia vyumba vidogo vya chuma badala ya chupa, dirisha jembamba kati ya chumba na chumba badala ya umbali, na skrubu badala ya waya wa kusogeza. Vituo vya simu za mkononi hutenga sauti zake kwa vyumba vya namna hiyo.

Lodge alitambua pia kikwazo ambacho bado kinawasumbua wahandisi. Saketi inayorusha mawimbi kwa wingi hupoteza nguvu upesi, hivyo haichagui vyema. Inayochagua vyema hushikilia nguvu zake, hivyo hairushi vyema. Kuchagua na kutoa ni mambo yanayovutana.

Mwaka 1894 alionyesha mbele ya wataalamu huko Oxford jinsi ishara zinavyopokewa bila waya, lakini hakukimbilia sokoni. Aliyekimbilia ni Guglielmo Marconi, aliyefika Uingereza mwaka 1896. Mitambo ya awali ya Marconi haikuchagua: vituo viwili vikipeleka ujumbe kwa pamoja, viliparaganyana. Mei 1897 Lodge aliomba hataza ya kulinganisha mtambo wa kupeleka na wa kupokea. Mwaka 1911 hataza hiyo iliongezewa muda wa miaka saba, na kampuni ya Marconi ikalazimika kuinunua.

Kuanzia 1900 hadi 1919 Lodge alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwanawe Raymond aliuawa vitani karibu na Ypres mwezi Septemba 1915, na mwaka uliofuata baba mtu akachapisha kitabu akidai kuwasiliana naye kupitia kwa waaguzi wa mizimu. Wanasayansi wengi walimbeza, ila ni vigumu kumlaumu mzazi aliyezoea kungojea chupa ya pili ijibu.

Alifariki tarehe 22 Agosti 1940. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha madai makuu ya hataza ya Marconi kuhusu ulinganishaji, ikitaja kazi zilizoitangulia za Lodge, Nikola Tesla na John Stone Stone.