Sembene Ousmane, Kuli Aliyefungua Darsa ya Usiku

Watu wa Changamwe, ambao wengi riziki yao yatoka gatini Kilindini, hawahitaji kuelezwa kuli ni nani. Basi na wamjue mwenzao huyu wa Afrika Magharibi. Sembene Ousmane alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mwana wa mvuvi. Alipitia chuo cha Kurani kama tulivyopitia sisi, kisha akaingia shule ya Wafaransa, na yasimuliwa kuwa alifukuzwa kwa kumrudishia mwalimu mkuu kofi. Akawa mwashi, akawa fundi wa magari, akapigana vita vya Hitler upande wa Wafaransa, halafu akavuka bahari kwenda kupakua meli Marseille. Huko aliumia mgongo. Na huko huko, katika chama cha wafanyakazi, alisoma sana hata akaanza kuandika. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilihusu mgomo wa reli ya Dakar na Niger ulioanza Oktoba 1947, miezi tisa tu baada ya mgomo mkuu wa Mombasa.

Aliporudi Afrika aliona jambo lililomtia uchungu: wale aliowaandika hawakuweza kumsoma. Basi, akiwa karibu na miaka 40, akaenda Moscow kusomea sinema. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, habari ya mwenye gari la farasi anayenyang'anywa gari lake na polisi kwa kuingia mtaa wa wakubwa. Mwondoe farasi, utie hamali wa mkokoteni, uone kama si Mombasa!

Sinema kwake ilikuwa shule ya usiku. Mimi naiita darsa. Alizizungusha filamu zake Senegali, na picha ikisha alikaa na watu wakaijadili, hata wakambishia. Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yaliyozunguka kwetu yalikuja kusema, si kusikiza.

Mwaka 1968 alitoa Mandabi, kwa lugha ya Kiwolofu. Mzee Dieng atumiwa manioda ya faranga 25,000 na mpwawe aliye Paris. Posta wataka kitambulisho. Kitambulisho chataka cheti cha kuzaliwa. Na mwishowe jamaa mjanja mwenye suti azila fedha zote. Niliitazama Changamwe, ukutani, kijana mmoja akitutafsiria. Ilipokwisha hakuna aliyeuliza habari za Senegali. Walizungumza Wamakonde na Wapemba, waliozaliwa hapa na kuzikana hapa, Wapemba wasitambuliwe hadi 2023. Na Mswahili anayeambiwa alete cheti cha babu yake. Mama mmoja alisimama mara tatu, na kila mara alikuwa na la kuongeza.

Ceddo, ya mwaka 1977, ni shubiri. Humo imamu ampora mfalme ufalme wake, na binti mfalme amwua kwa risasi. Serikali ya Senghor iliizuia, kisingizio ati neno lenyewe limeandikwa kwa d mbili! Mimi mwana wa chuo ilinichoma, na naona alimdhulumu yule imamu kwa kumnyima hata chembe ya wema. Lakini ningependa ionyeshwe Kisauni, taa ziwashwe, na mwalimu wa madrasa awe wa kwanza kusema.

Filamu yake ya mwisho, Moolaadé, ya mwaka 2004, ilihusu wanawake wanaokataa binti zao wakeketwe. Alikuwa na miaka 81. Alifariki Dakar, Juni 2007.