Eazy-E: Rapa aliyejua ana Ukimwi mwezi mmoja kabla ya kufa

Februari 24, 1995, rapa Eazy-E alilazwa katika Hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, Marekani, akisumbuliwa na kikohozi kikali. Ilidhaniwa ni pumu. Vipimo vikaonyesha ni Ukimwi.

Machi 26 akafariki dunia akiwa na miaka 30. Tangu alazwe hadi anazikwa Aprili 7 zilipita siku 42 tu.

Jina lake halisi ni Eric Wright. Alizaliwa Septemba 7, 1964 huko Compton, mji uliokuwa na Wamarekani weusi wengi, kusini mwa Los Angeles. Baba yake alifanya kazi posta, mama yake shuleni. Yeye sekondari ilimshinda, akaingia mtaani kuuza dawa za kulevya.

Mkwanja wa mtaani akauwekeza kwenye muziki. Mwaka 1987 alianzisha lebo ya Ruthless Records akiwa na meneja Jerry Heller, na humo ndimo lilimokua kundi la N.W.A, lenye Dr. Dre, Ice Cube, MC Ren na DJ Yella.

Kurap kwenyewe hakukuwa kwenye mipango yake. Kundi jingine lilikataa kurekodi wimbo wa Boyz-n-the-Hood, Dre akambembeleza bosi ashike maiki mwenyewe. Ngoma ikabamba, na jina la Eazy-E likaanzia hapo.

N.W.A waliimba ukatili wa polisi na maisha ya kitaa bila kupaka rangi. Redio nyingi ziliwakwepa, na mwaka 1989 hata FBI iliandika barua kuwalalamikia. Albamu zikaendelea kuuzwa kwa mamilioni. Cube na Dre walipoondoka, Eazy hakukaa kinyonge. Aliwatoa Bone Thugs-N-Harmony.

Miaka hiyo vijana wengi mtaani waliamini Ukimwi ni ugonjwa wa mashoga wa kizungu. Kumbe kufikia mwaka 1995 ulikuwa unaongoza kwa kuua Wamarekani wa miaka 25 hadi 44, na weusi walikuwa wanaumia kuliko idadi yao.

Machi 16, mwanasheria wake alisoma taarifa iliyotolewa kwa jina la Eazy. Ilieleza hali yake waziwazi na kuwaonya washkaji na mashabiki kwamba ugonjwa huu haubagui. Siku 10 baadaye alikuwa amefariki.

Katika jiji hilohilo kulikuwa na staa mwingine mweusi. Magic Johnson wa Lakers aligundulika na VVU mwaka 1991 kupitia vipimo vya bima ya maisha. Alikuwa fiti, anajiandaa na msimu mpya wa kikapu. Akaanza matibabu mapema, na zaidi ya miaka 30 baadaye bado yupo.

Dawa za wakati ule zilikuwa dhaifu, hivyo hakuna anayeweza kuapa kwamba Eazy angepona kifo kama angejua mapema. Lakini Desemba 1995, miezi minane hivi baada ya kifo chake, Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kundi jipya. Mwaka 1996 dawa zikaanza kutumiwa kwa mchanganyiko, na vifo vikashuka kwa kasi. Aliyejua hali yake mapema alikuwa na nafasi ya kuzifikia akiwa hai.

Leo Wamarekani weusi ni kama asilimia 12 tu ya watu wote nchini humo, lakini ni zaidi ya theluthi ya wanaogundulika na VVU kila mwaka. Wataalamu wa afya wa serikali wanashauri kila mtu wa miaka 13 hadi 64 apime angalau mara moja, na aliye kwenye hatari zaidi apime angalau kila mwaka. Anayetumia ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo haambukizi mwenzake kwa ngono.

Eazy alipimwa kwa sababu alikuwa hoi kitandani. Magic alipimwa akiwa mzima, kwa sababu ya makaratasi ya bima.

Kipimo cha haraka ni tone la damu na kusubiri dakika chache. Wewe mara ya mwisho ulipima lini?