Askofu Miongoni mwa Wapagazi: Maisha ya Frank Weston

Jina la mtaa wa Kariakor jijini Nairobi, kama lile la Kariakoo jijini Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi kilichobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanafunzi wa Kiswahili hutajiwa neno hili wanapofunzwa utohozi, na aghalabu somo huishia hapo. Watu waliolizaa neno lenyewe husahaulika. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu mmoja aliyetembea nao: Frank Weston, Askofu wa Zanzibar wa Kanisa la Anglikana. Hatumchagui kwa kuwa aliteseka kuwapita wapagazi wenyewe, la hasha, bali kwa kuwa nafasi aliyojitwalia vitani ilikuwa na utata ambao hadi leo haujatatuliwa.

Weston alizaliwa kusini mwa London mwaka 1871. Alisomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford na kufuzu kwa daraja la kwanza, kisha akahudumu kama kasisi katika mitaa ya makabwela ya mashariki mwa London. Huko ndiko alikojifunza jambo aliloling'ang'ania maisha yake yote, kwamba ibada isiyomjali fukara ni kelele tupu. Mwaka 1898 alifika Unguja chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuwa imeanzishwa baada ya mwito wa David Livingstone wa mwaka 1857. Misheni hiyo si ngeni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Ndiyo iliyokuwa ya Askofu Edward Steere, mwanasarufi na mkusanyaji wa hadithi za Kiswahili, aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873.

Kati ya mwaka 1901 na 1908 Weston aliongoza Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, ambako vijana wa Kiafrika waliandaliwa kuwa walimu na makasisi. Hapo mwanzo shule hiyo iliwalea watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya biashara ya watumwa. Hivyo, kwa Weston neno utumwa halikuwa la vitabuni. Lilikuwa historia ya watu aliofundisha katika majengo yale yale, na aliyafundisha kwa Kiswahili, lugha aliyoimudu barabara. Mwaka 1908 akawekwa wakfu kuwa askofu.

Tabia yake haikuwa ya mtu wa kupendeza kila mtu. Mwaka 1913 madhehebu ya Kiprotestanti yalikutana Kikuyu, nchini Kenya, kujadili ushirikiano, na maaskofu wa Mombasa na Uganda wakashiriki meza moja na wasio Waanglikana. Weston aliwashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameipotoa imani. Mzozo huo ulivuma hadi magazeti ya Uingereza. Msomaji wa leo huenda akauona kuwa ugomvi wa wenye nafasi, nasi hatutauchimba zaidi. Tunautaja tu kwa sababu Askofu Willis wa Uganda, mmoja wa washtakiwa, atarejea katika kisa hiki kuhusu jambo zito kuliko hilo.

Vita vilipozuka mwaka 1914, dayosisi ya Weston ilipasuka katikati. Yeye alikuwa Unguja, chini ya Waingereza, ilhali sehemu kubwa ya waumini wake walikuwa bara, katika koloni la Wajerumani. Wamisionari Waingereza waliokuwa huko walizuiliwa hadi Tabora ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Walimu na makasisi Waafrika walipata makubwa zaidi: walishukiwa kuwa wapelelezi wa adui, wakapigwa na kutiwa kifungoni.

Wakati huo huo jeshi la Uingereza lilikuwa limegundua kwamba vita vya Afrika Mashariki havikupiganwa kwa bunduki pekee. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na reli zilikuwa chache. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilifika kwa askari juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo naye alihitaji kula, kwa hiyo mpagazi mwingine akatakiwa kumbebea mpagazi chakula. Hesabu hiyo haikuwa na mwisho. Inakadiriwa kwamba takriban watu milioni moja waliibebea Uingereza mizigo katika vita hivyo. Zaidi ya 40,000 walithibitishwa kufa, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga ambao haukuiva, kwa kuwa mtu aliyetembea kutwa na mzigo hakuwa na kuni, sufuria wala muda wa kuupika. Katika Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 wilaya zilisombwa wanaume hadi vijiji vikabaki na wazee, wanawake na watoto.

Mwaka 1916 jeshi lilitaka wapagazi kutoka Unguja pia. Hofu ikatanda, kwa maana habari za waliokwenda na hawakurudi zilikuwa zimeenea. Hapo ndipo Weston alipojitolea kuwakusanya wapagazi na kuwaongoza yeye mwenyewe. Majeshi ya Uingereza yalikuwa na makasisi wao, ambao hawashiki silaha wala hawaamrishi vikosi. Kazi yao ni kuombea, kuliwaza na kuzika. Weston angeweza kuomba nafasi kama hiyo na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alivaa sare, akapewa cheo cha meja na kuongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar. Alivuka nao hadi bara, akatembea kwa miguu pamoja nao na kusimamia chakula, malazi na uuguzi wao.

Yafaa tusimame hapa, maana waandishi wa maisha ya wamisionari hupenda kupita mahali hapa kwa haraka na sifa nyingi. Mantiki ya Weston yaelekea ilikuwa hivi: watu watachukuliwa hata akikataa, na wakichukuliwa bila mtetezi watakufa ovyo. Kasisi anayewaombea wanaokufa kwa njaa hana mamlaka juu ya ghala la unga, ilhali meja analo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ina upande wa pili ambao hauwezi kufichwa. Uaminifu wa askofu ndio uliolainisha uandikishaji. Watu waliomwamini mhubiri wao walimfuata katika vita ambavyo havikuwa vyao, kati ya mataifa mawili yaliyokuwa yakigombea ardhi yao. Huruma yake iliwafaa wapagazi, na ililifaa jeshi vilevile. Sidhani tunaweza kuikubali faida ya kwanza tukaikana ya pili.

Baada ya huduma hiyo aligeukia kalamu. Mwaka 1918 alichapisha kijitabu, kwa njia ya barua kwa Jenerali Smuts, kuhusu Waafrika aliowaita watumwa weusi wa Prussia. Alieleza ukatili wa utawala wa Kijerumani na kupinga makoloni yale yasirudishwe kwao. Aliyoyasimulia hayakuwa ya kubuni, lakini yalikuja wakati mwafaka kwa serikali ya Uingereza, ambayo ilikuwa ikitafuta sababu za kuyashika makoloni hayo. Kama angeishia hapo, tungeweza kumweka katika kundi la wapiga propaganda na kumsahau.

Hakuishia hapo. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa wa wilaya wawahimize machifu kupeleka vijana kwenye mashamba ya walowezi, na wanawake na watoto pia pale ambapo mashamba yalikuwa karibu. Chifu mzembe angeripotiwa. Katika mazingira ya wakati ule kuhimizwa na chifu kulikuwa kulazimishwa. Northey mwenyewe alikuwa jenerali katika vita vile vile, akiongoza majeshi yaliyoshambulia kutoka mipaka ya Nyasaland na Rhodesia, na bila wapagazi majeshi yake yasingesogea. Alijua Mwafrika anaweza kutolewa nguvu kiasi gani.

Viongozi wa misheni walijibu kwa waraka wao. Askofu Willis wa Uganda, Askofu Heywood wa Mombasa na Daktari Arthur wa misheni ya Kikuyu walionya juu ya maonevu, lakini walikubali kwamba kazi ya lazima kwa manufaa ya umma ingeweza kuwepo ikidhibitiwa na sheria. Weston alikataa katakata. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kingine ambacho anwani yake, kwa Kiswahili, ingekuwa Watwana wa Uingereza. Kipimo alichowapimia Wajerumani sasa aliwapimia wananchi wenzake. Kwake, kumlazimisha mtu kufanya kazi kulikuwa dhambi yenyewe, wala haikupungua kwa kuandikwa katika sheria. Wenzake walitaka lazima yenye huruma. Yeye, aliyewahi kuongoza kikosi chenye huruma ndani ya lazima, alikuwa na sababu ya kujua inakofikia.

Si haki kudai kwamba yeye peke yake aliupindua waraka wa Northey. Wakati huo J. H. Oldham, katibu wa umoja wa misheni huko London, alikuwa akishawishi wakubwa kwa utaratibu mwingine kabisa, na mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliagiza kwamba maofisa wa serikali wasiwatafutie walowezi vibarua. Kelele za Weston zilisaidia kuufanya ukimya uwe mgumu.

Mwaka 1923 aliongoza kongamano kubwa la Waanglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki jijini London. Aliwaambia waliohudhuria kwamba hawana haki ya kumsujudia Kristo altareni ikiwa hawamtafuti katika vibanda vya maskini na miongoni mwa wanaonyonywa kazini. Akarejea katika dayosisi yake. Alifariki Hegongo, karibu na Magila katika nchi ya Bonde, tarehe 2 Novemba 1924, akiwa na umri wa miaka 53. Katika kalenda ya kanisa lake hiyo ni siku ya kuwakumbuka marehemu wote.