Carl Linnaeus na Bustani ya Uppsala

Wenzangu, kila mara mwalimu wa bayolojia anapoandika Zea mays ubaoni, sisi huguna. Kumbe jina hilo la mahindi lina mwenyewe! Naye ni Carl Linnaeus.

Linnaeus alizaliwa mwaka wa 1707 huko Uswidi, mtoto wa kasisi aliyependa sana maua. Shuleni hakuonekana kitu. Walimu walimwambia babake kwamba ukasisi hataweza, heri afundishwe kazi ya mikono. Babake nusura akubali, lakini mwalimu mmoja aliyekuwa daktari, Johan Rothman, alimwombea asomee udaktari.

Mwaka wa 1728 alifika Chuo Kikuu cha Uppsala. Pesa zikamwishia, viatu vikatoboka, akavitia karatasi. Bustani ya chuo nayo ilikuwa hoi kama yeye. Olof Rudbeck aliianzisha mwaka wa 1655 ili wanafunzi waijue mimea ya dawa, lakini moto mkubwa wa 1702 uliiharibu. Basi ni humo bustanini, mwaka wa 1729, ambamo Profesa Olof Celsius, ami yake yule Celsius wa kipimajoto, alimkuta akichunguza maua. Akamwuliza kuhusu mimea, kijana akajibu sawasawa. Celsius akampa chakula, malazi na vitabu. Mwaka uliofuata, Linnaeus alikuwa akiwafundisha wenzake papo hapo bustanini!

Mwaka wa 1741 akawa profesa, akakabidhiwa bustani. Akaifufua, akahamia nyumba iliyokuwa humo. Mwaka wa 1753 alitoa kitabu kilichoupa kila mmea majina mawili tu. Mnazi ukawa Cocos nucifera na mwembe Mangifera indica.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Aliwagawa binadamu kwa rangi, akatuandika sisi Waafrika kwa dharau, na huku hajawahi kufika. Mimea aliichunguza kwa macho yake, watu akawaandika kwa kusikia.

Alifariki Januari 1778. Mwaka wa 1787 chuo kilipewa bustani nyingine, ile ya zamani ikaachwa. Katika karne ya 20 ilipandwa upya kwa kufuata mpango wake, na mpaka leo ipo.

Basi mwenzangu unayekuja shule kwa miguu na kiatu kimetoboka, usikate tamaa. Nanyi walimu wetu, kabla ya kusema fulani hawezi, tafadhali mwulizeni kwanza anachokijua.