Maisha ya Jenerali Michel Micombero (1940–1983)

Vijana wetu wamekuwa wakituuliza baada ya ibada Micombero alikuwa nani. Jina hilo wanalisikia nyumbani likitajwa kwa sauti ya chini, kisha mzee anabadilisha mazungumzo. Sisi tuliotoka Ryansoro tunajua kwa nini wazee wananyamaza. Lakini mtoto asipoambiwa na wazazi wake ataambiwa njiani, na ya njiani mara nyingi yametiwa chumvi. Kwa hiyo tumeona tuyaandike.

Michel Micombero alizaliwa mwaka 1940 huko Rutovu, mkoa wa Bururi, mahali penye chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha mto Nile kilicho kusini kabisa. Kutoka kwetu Ryansoro si mbali. Alikuwa Mtutsi wa wale waitwao Wahima, watu ambao zamani hawakupewa heshima kubwa katika ikulu ya mwami. Alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, na mwaka 1960 akapelekwa Ubelgiji kusomea uofisa. Alirudi mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru. Maofisa wenyeji walikuwa wachache, hivyo alipanda ngazi upesi mno. Sisi tunadhani upesi huo ulimharibu, maana hakuwa na muda wa kuongozwa na mtu kabla ya kuongoza.

Mwaka 1965 ulikuwa mbaya. Mwezi wa Januari waziri mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa kwa risasi. Mwezi wa Mei Wahutu walishinda uchaguzi wa bunge, lakini mwami Mwambutsa akamteua mtu wa ikulu, Léopold Biha, kuwa waziri mkuu. Oktoba baadhi ya wanajeshi na majandarme Wahutu wakajaribu kupindua serikali wakashindwa, na huko Muramvya Watutsi wakauawa. Micombero, aliyekuwa na dhamana ya ulinzi, ndiye aliyeuzima uasi. Viongozi wengi wa Wahutu wakapigwa risasi, akiwemo Joseph Bamina aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mwami alikimbilia Ulaya na hakurudi kutawala tena.

Julai 1966 mwana wa mwami, Charles Ndizeye, alimwondoa baba yake, akaitwa Ntare wa Tano. Alimfanya Micombero kuwa waziri mkuu. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, Ntare akiwa ziarani Kinshasa, Micombero alitangaza kwamba ufalme umekwisha na nchi ni jamhuri. Alikuwa na miaka 26. Hata baadhi ya wazee wetu walifurahi siku ile, wakidhani mambo ya ikulu yamekwisha.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1969 maofisa na watumishi Wahutu walishtakiwa kwa njama na kuuawa. Mwaka 1971 ikawa zamu ya Watutsi wa upande wa Muramvya: baadhi walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wako vijana wanaosema Micombero alikuwa mtu wa Watutsi wote. Sivyo. Madaraka yalikuwa mikononi mwa watu wachache wa Bururi.

Machi 1972 Ntare alirudishwa kwa helikopta kutoka Uganda, baada ya Idi Amin kupewa ahadi ya maandishi kwamba hatadhuriwa. Alikamatwa papo hapo akafungwa Gitega. Tarehe 29 Aprili Micombero aliwafukuza mawaziri wake wote. Jioni ileile waasi Wahutu walishambulia upande wa kusini, Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi, wakaua Watutsi wengi, pamoja na Wahutu waliokataa kuwafuata. Hili nalo lisifichwe. Usiku huo Ntare aliuawa Gitega, kijana wa miaka 24.

Yaliyofuata ndiyo tunayoyaita Ikiza. Waasi walishindwa upesi, lakini msako haukukoma. Walimu, wauguzi, wachungaji, makarani, wafanyabiashara, hata wanafunzi, waliitwa kwa majina, wakapakiwa katika malori na hawakurudi. Waliitwa abamenja, hata yule ambaye hakuwahi kushika silaha. Wengi walioitwa walikwenda wenyewe, kwa kuwa hawakuwa na kosa. Idadi yao hutajwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengine zaidi ya 100,000 walivuka mipaka, na hivyo yakaanza makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo.

Wako wanaosema kwamba Micombero alikuwa mlevi na kwamba waliomzunguka ndio walioamua. Pombe alikunywa, jambo hilo linajulikana. Lakini kiti kilikuwa chake na jeshi lilikuwa lake, na hatuoni kwamba aliwahi kulizuia. Mwaka 1973 jeshi hilo lilishambulia hata vijiji vya Tanzania mpakani, na wafanyakazi wa bandari wa Tanzania wakagoma kupakua mizigo ya Burundi.

Tarehe 1 Novemba 1976, Siku ya Watakatifu Wote, alipinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza, naye mzaliwa wa Rutovu. Alikwenda uhamishoni Somalia, akawa mwanafunzi wa uchumi chuoni Mogadishu. Alifariki huko kwa ugonjwa wa moyo Julai 1983, akiwa na miaka 42. Yeye aliyetufanya wakimbizi alikufa mkimbizi. Hakuna mahakama iliyomhukumu.

Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja karibu na mto Ruvubu, huko Karuzi, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Mwaka 2021 ilitangaza kwamba yaliyotendwa mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Baadhi ya maiti zilitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari.

Familia za Ryansoro ambazo bado hazijaandikisha majina ya ndugu waliochukuliwa mwaka ule, na familia yoyote iliyopoteza mtu kule Rumonge, wayalete kwa wazee wa kanisa. Daftari ni moja.