Mama Kevina wa Nsambya

Tumekwisha kuona kwamba kiambishi -li- hufungua masimulizi na -ka- huyaendeleza. Sasa tuvitazame viambishi hivyo katika maisha ya mwalimu aliyetoka mbali.

Teresa Kearney alizaliwa nchini Ireland mwaka 1875. Alifiwa na wazazi wake angali mtoto, akalelewa na bibi yake. Alifundisha shule katika ujana wake, kisha akaingia utawani, akapewa jina la Kevin. Alitamani kutumwa Marekani, lakini akatumwa Uganda. Mwezi Januari 1903 yeye na watawa wenzake walifika katika kilima cha Nsambya, Kampala, wakaanza kuwatibu wagonjwa na kuwafundisha watoto. Wenyeji wakamwita Mama Kevina.

Hakutaka kazi hiyo ibaki mikononi mwa wageni. Mwaka 1923 alianzisha huko Nkokonjeru shirika la watawa wa Kiafrika, ambao wakawa walimu na wauguzi. Mwaka 1942 alianzisha shule ya wasichana ya bweni ya Namagunga, kando ya barabara itokayo Kampala kwenda Jinja.

Alifariki Marekani mwaka 1957, akazikwa Ireland. Waganda wakaomba mwili wake. Ukaletwa, ukazikwa Nkokonjeru. Nasi tunaojiandaa kufundisha tunaona kuwa mwalimu mgeni hukumbukwa kwa walimu wenyeji aliowaacha.

Zoezi: Orodhesha vitenzi vyenye -ka-, kisha ubainishe vilivyo katika kauli ya kutendwa.